Cadfael kwa mara ya pili: ipi ya kurudia, ipi ya kuruka

Ukishamjua muuaji, tamthilia nyingi za upelelezi huwa hazina tena la kukupa. Cadfael inalo, ingawa si katika sehemu zote 13. ITV, televisheni ya Uingereza, iliirusha kuanzia 1994 hadi 1998, misimu minne, kila sehemu takriban dakika 75. Derek Jacobi ndiye Bruda Cadfael, Mbenediktini wa abasia ya Shrewsbury, askari wa zamani wa vita vya msalaba anayetunza bustani ya dawa. Nje ya kuta, Mfalme Stephen na binamu yake Maud wanagombea kiti cha Uingereza. Anayezifahamu abasia za Peramiho au Ndanda hatahitaji kufafanuliwa kwa nini kila mahojiano yanakatizwa na kengele ya sala.

Anza na One Corpse Too Many. Ni mwaka 1138, Stephen ameiteka ngome ya mji na kuwanyonga watetezi wake 94. Cadfael anakwenda kuwaandaa kwa mazishi, anahesabu, anapata 95. Mara ya kwanza macho huzama katika wingi wa maiti. Mara hii tazama shingo. Kamba ya kitanzi ina alama yake, na uzi mwembamba uliokazwa kutoka nyuma una yake. Muuaji alitegemea kwamba hakuna atakayejisumbua kuhesabu.

Alama za juu kabisa naipa Monk's Hood. Sumu ni akoniti, itokayo kwenye mmea uitwao monkshood, ambayo Cadfael mwenyewe huichanganya na mafuta ya kuchulia wazee wenye baridi yabisi. Ikipakwa hutuliza maumivu. Ikimezwa, midomo na ulimi hufa ganzi, moyo huvurugika, mtu anakwenda. (Msijaribu nyumbani, mmea huu hupenya hata kwenye ngozi.) Mara ya kwanza wote tunakodolea macho chakula kilichotoka jikoni kwa abate. Mara ya pili achana na jikoni, fuatilia ni nani aliyeyaona mafuta yakitumika katika chumba cha wagonjwa. Mafuta yana harufu, tena yanaacha doa, na hadithi haikufichi hilo hata kidogo.

Kinachokera ni Hugh Beringar, rafiki wa Cadfael upande wa serikali: kaigizwa na watu watatu, Sean Pertwee, kisha Eoin McCarthy, kisha Anthony Green. Pertwee alikuwa na ujanja ambao hao wengine hawakuupata, kwa hiyo ukiruka ruka misimu utachanganyikiwa. Mji wenyewe ulijengwa Hungaria, karibu na Budapest, na ukitazama sehemu mbili mfululizo utaanza kuzitambua kuta zilezile. Moja kwa usiku inatosha. The Pilgrim of Hate, ya mwisho, imeachana mno na riwaya ya Ellis Peters, mwandishi wa vitabu vya Cadfael. Msomaji wa vitabu aiache.

Ukinunua diski za DVD, angalia kanda kwanza, yaani namba ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. Za Uingereza ni kanda ya 2, za Marekani ya 1, na deki zilizotengenezwa kwa soko la Afrika Mashariki ni za 5, hivyo diski itagoma kama deki yako haisomi kanda zote. Kwenye televisheni pana weka umbo la picha 4:3, la sivyo abasia nzima itajaa watawa wanene kama mapipa.