Codex Sinaiticus mtandaoni: hati ya karne ya 4 kando ya Biblia ya Kiswahili

Aliyewahi kusali msibani pamoja na Wakristo wa madhehebu mbalimbali hapa Tanzania anajua mahali Baba Yetu inapogawanyika. Wakatoliki hufika "utuopoe maovuni" wakaitikia Amina, huku Walutheri na Waanglikana wakiendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele". Ukifungua Mathayo 6:13 katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, maneno hayo ya mwisho yamo, lakini yamefungwa ndani ya mabano ya mraba. Wengi wetu tumekua tukiyaona mabano hayo bila kuelezwa kazi yake. Ninafundisha wainjilisti na viongozi wa vikundi vya kujifunza Biblia, na huduma ninayoitathmini hapa imenisaidia kueleza jambo hilo kwa namna ambayo maneno yangu peke yake hayakuweza. Ni tovuti ya Codex Sinaiticus, inayopatikana bure kwa anwani ya codexsinaiticus.org, bila kujisajili.

Codex Sinaiticus ni hati ya ngozi iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kigiriki, katikati ya karne ya 4. Ina Agano Jipya zima pamoja na takribani nusu ya Agano la Kale katika tafsiri ya Kigiriki, na baada ya Ufunuo ina Waraka wa Barnaba na sehemu ya Mchungaji wa Herma, maandishi mawili ya Kikristo ya kale yasiyomo katika Biblia zetu. Hati hiyo imetawanyika katika taasisi nne: majani 347 yapo British Library mjini London, 43 yapo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Leipzig, na mengine machache yapo katika Monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai na Maktaba ya Taifa ya Urusi. Taasisi hizo zilitia saini makubaliano mwaka 2005, na Julai 2009 majani yote yaliyosalia yakawekwa mahali pamoja mtandaoni. Kwa hiyo msomaji aliyeko Dodoma au Bujumbura anaweza leo kufunua kurasa ambazo kwa zaidi ya miaka 150 hazijawahi kukaa katika chumba kimoja.

Ukichagua kitabu, sura na aya, unaletewa picha ya ukurasa husika, na kando yake maandishi yaliyonakiliwa upya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Ukibofya neno katika maandishi hayo, unaonyeshwa mahali lilipo kwenye picha, msaada usio na kifani kwa mtu ambaye Kigiriki chake ni cha darasani, kwa kuwa mwandishi wa kale hakuacha nafasi kati ya neno na neno. Kila ukurasa una safu nne nyembamba, isipokuwa vitabu vya mashairi, ambavyo vina safu mbili. Unaweza pia kuchagua picha iliyopigwa kwa mwanga wa kawaida au ile ya mwanga uliomulikwa kutoka pembeni. Hii ya pili ndiyo inayokufanya uone kwamba ni ngozi ya mnyama, yenye mikunjo, vinyweleo na mistari iliyochorwa kwa ncha kali ili kumwongoza mwandishi.

Somo lililonifanya niithamini huduma hii lilihusu Marko 1:1. Nilikuwa nimeunganisha kompyuta na projekta, na washiriki wamefungua Biblia zao mahali palipoandikwa: "Mwanzo wa Injili ya Yesu Kristo, Mwana wa Mungu." Tulipokuza picha, mstari wa hati ulionekana ukiishia kwenye "Yesu Kristo" na kuingia moja kwa moja katika "kama ilivyoandikwa". Juu ya mstari, kwa herufi ndogo zaidi, mkono wa msahihishaji ulikuwa umeongeza maneno mawili kwa ufupisho: ΥΥ ΘΥ, yaani "Mwana wa Mungu". Darasa lilinyamaza. Mzee mmoja, mwinjilisti wa miaka mingi, akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo maneno haya yaliongezwa na watu?"

Lilikuwa swali la haki, na picha ileile ilitusaidia kulijibu. Majina matakatifu katika hati za kale huandikwa kwa kifupi na kuwekewa mstari juu, hivyo "Yesu Kristo Mwana wa Mungu" huwa ΙΥ ΧΥ ΥΥ ΘΥ: vifupisho vinne vilivyofuatana, vyote vikiishia kwa herufi moja. Mtu yeyote aliyewahi kunakili anajua jinsi jicho linavyoweza kuruka. Yawezekana mwandishi aliruka, na msahihishaji akarudisha kilichokuwamo katika nakala aliyoilinganisha. Codex Vaticanus, hati nyingine kubwa ya karne hiyo hiyo, inayo maneno hayo. Wapo wataalamu wanaoona kinyume, kwamba Marko alianza kwa ufupi na waliofuata wakaukamilisha mstari. Nikamwambia, "Mzee wangu, tufungue 15:39." Pale msalabani akida anasema, "Hakika mtu huyu alikuwa Mwana wa Mungu," na maneno hayo yamo katika Sinaiticus bila shida. Baada ya hapo swali letu halikuwa tena kama Yesu anaitwa Mwana wa Mungu katika Marko. Tulijadili kama msomaji huambiwa hivyo tangu mstari wa kwanza, au huachwa atembee na wanafunzi wasioelewa hadi binadamu wa kwanza kukiri awe askari wa Kirumi. Tulikaa katika swali hilo hadi muda ukatuishia.

Kwa Baba Yetu mambo ni mepesi zaidi kuona. Katika ukurasa wa Mathayo 6, baada ya ombi la kuokolewa na yule mwovu, hati inaendelea mara moja na "kwa maana mkiwasamehe watu makosa yao". Sifa ile ya ufalme, nguvu na utukufu haimo, na mabano yale ya Union Version ni alama ya maneno ambayo hayamo katika baadhi ya hati za kale. Ni haki kuongeza kwamba Didake, maandishi ya Kikristo ya kale kuliko hati hii, inayo Baba Yetu yenye sifa ya namna hiyo, kwa hiyo Walutheri wanaoiimba hawakurithi uzushi wa karne za karibuni. Mwisho wa Marko ni vivyo hivyo: Injili inakomea 16:8, kwenye "maana waliogopa", kisha kuna pambo la kufungia, jina la Injili na sehemu kubwa ya safu iliyoachwa tupu, na Luka anaanza juu ya safu inayofuata. Aya 9 hadi 20, ambazo Union Version inaziweka katika mabano, hazimo. Wala habari ya mwanamke aliyefumaniwa haimo katika Yohana.

Ninayo mashaka matatu. La kwanza ni lugha: tovuti inatumia Kiingereza, Kijerumani, Kigiriki na Kirusi, na msomaji asiyejua Kigiriki kabisa atahitaji mtu wa kumshika mkono. La pili ni kwamba tovuti inaonyesha, haifasiri. Hati hii ina wastani wa masahihisho 30 hivi kwa ukurasa, na mtu akiyakuta peke yake bila maelezo anaweza kutoka na hitimisho la haraka kwamba Biblia imechezewa, ilhali mengi ni makosa ya kalamu na tahajia. Nimewahi kuona jambo hilo likitokea, na lilimsumbua kijana mwenye bidii kwa muda mrefu. La tatu ni kishawishi cha kuifanya hati moja kuwa hakimu wa nyingine zote. Mafunjo ya Injili, yaani nakala zilizoandikwa kwenye karatasi za mafunjo, yaliyo ya kale kuliko hii yapo, na waandishi wa Sinaiticus waliruka mistari mara nyingi. Mfasiri makini husikiliza mashahidi wengi, na huyu ni mmoja tu, ingawa ni wa heshima kubwa.

Upande wa vifaa, simu haitoshi. Niliijaribu kwa simu yangu na safu nne zikawa kama mchwa ukutani. Tumia kompyuta, na uwe na bando la kutosha, kwa kuwa picha ni nzito.

Sehemu ya historia ya hati isirukwe. Inaeleza jinsi Constantin Tischendorf, mtaalamu wa Kijerumani wa hati za Biblia, alivyochukua majani 43 mwaka 1844, jinsi sehemu kubwa ilivyopelekwa St. Petersburg baada ya mwaka 1859, na jinsi serikali ya Kisovieti ilivyoiuza London mwaka 1933 kwa pauni 100,000. Monasteri ina kumbukumbu yake kuhusu kuondoka kwa hati hiyo, na ninaheshimu kwamba taasisi zote nne zilikubali kuandika maelezo ya pamoja, japokuwa mimi naona uchungu wa watawa ungestahili aya ndefu zaidi.

Kwa atakayeanza, nashauri asianze na Marko 16. Aanze na ukurasa wa mwisho wa Yohana. Mwandishi alimaliza Injili kwenye 21:24, akachora pambo na kuandika jina la kitabu; kisha akafuta, akaongeza aya ya 25, akachora pambo upya. Jambo hilo lilithibitishwa kwa mwanga wa urujuanimno baada ya hati kufika London, na kwa macho matupu ni vigumu kuliona. Lakini ukiujua mkasa huo kabla ya kukuza picha, utatazama aya ile ya vitabu ambavyo ulimwengu usingetosha kuvichukua ukijua kwamba mtu aliinakili siku hiyo kwa kurudi nyuma, wino wa kwanza ukiwa umeshaoshwa chini ya mkono wake.