Fundi wa Changamwe anayefungua beringi za trela kwelikweli

Trela yangu ya mahema ina ekseli moja na magurudumu mawili. Inabeba mahema, majiko na mitungi ya maji ya wageni kutoka Mombasa hadi Tsavo Mashariki. Safari si nyingi, kwa mwaka haifiki kilomita 6,000, ndiyo maana nikawa naziona beringi, zile pete za rola zinazofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi kwenye ekseli, kama kitu cha kudumu. Agosti mwaka jana, tukikaribia Maungu, gurudumu la kushoto likaanza kusaga. Nilishuka, na kabla sijaigusa habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu inayokaa beringi, joto lilikuwa lishanifika kiganjani.

Kilichoniuma ni kwamba wiki mbili nyuma nilikuwa nimelipia sevisi ya beringi kwenye gereji nyingine. Walibandua kifuniko, wakapaka grisi mpya juu ya ile kuukuu, wakakigonga kikarudi. Beringi ya ndani, inayokaa nyuma ya habu, hakuna aliyeitazama. Na ndiyo iliyoungua.

Juni hii dereva mmoja wa lori akanielekeza kwa fundi wa Changamwe, njia ya kwenda Magongo. Nikamwambia, "Mzee, nataka grisi tu, nina safari keshokutwa." Akanijibu, "Grisi utapata, mamangu, lakini tufungue kwanza tuone."

Alipiga jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa, kisha akalizungusha huku ameinama akisikiliza. Akachomoa pini, nati, beringi ya nje, habu nzima, akang'oa sili, ile pete ya mpira inayozuia maji kuingia na grisi kutoka. Upande wa kulia, ambao haujawahi kunipigia kelele hata siku moja, grisi ilitoka nyeupe kama tui. "Ulipita majini?" Kweli, wakati wa masika nilivuka barabara iliyofurika. Akanieleza: habu ikiwa moto kwa mwendo halafu ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Mwenye trela ya boti anayeshusha chombo baharini anafaa kuangalia mara nyingi zaidi, maana chumvi haisubiri mwaka.

Aliziosha beringi kwa mafuta ya taa, akazikausha, akaniita tuzitazame juani. Kwenye kikombe cha kulia, yaani pete ya chuma ambamo rola za beringi huzunguka, palikuwa na vishimo vya kutu, vidogo kama alama za sindano, pale rola zilipokuwa zimelala trela ikiwa imeegeshwa. Hapo nikaelewa kwamba kusimama nako kunaila beringi. Kanuni yake ni miezi 12 au kilomita 20,000 hivi, kinachotangulia, na mimi miezi ndiyo inayonikuta.

Beringi ya kulia alibadilisha pamoja na kikombe chake. Nyingine alizijaza grisi kwa mkono: anaweka donge kiganjani, anakandamiza ukingo mpana wa beringi mpaka grisi itokeze upande wa pili, anazungusha kidogo, anarudia. Sili zote mpya, pini mpya. Nati aliikaza huku gurudumu likizunguka, akailegeza, kisha akaimalizia kwa vidole tu.

Nililipa shilingi 6,500, vipuri ndani yake, na sioni kwamba ni nyingi. Lawama ninazo mbili. Nilifika saa tatu asubuhi nikaondoka saa kumi, kwa kuwa sili ya kipimo changu ilibidi ifuatwe mjini, na hakuna kivuli wala pa kukaa. Piga simu mapema umpe namba ya sili. Ya pili, haandiki alichofanya, ikabidi niandike mwenyewe kwenye daftari la trela.

Aliniagiza nisimame baada ya kilomita 30 nishike habu zote mbili. Nilisimama Mariakani. Zote vuguvugu, hakuna iliyoizidi mwenzake. Juni ijayo narudi kwake, na masika yakinipitisha tena kwenye maji, sitangoja Juni.