Mogeji ya watu wawili na mimi narudi chuo: vile benki ilitufanyia na vile sacco ilitufanyia

Hii ni ya wale mnataka kuchukua mkopo wa nyumba mkiwa wawili, na mmoja wenu ako na mpango wa kurudi shule. Mimi na mume wangu tulianza na benki moja hapo katikati ya jiji tukaishia kwa sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, tumezunguka miezi saba, na nataka mjue mapema kitu ambacho sisi tulijua tumeshalipa pesa.

Hali yetu iko hivi. Digrii niliiacha mwaka wa tatu, 2016, karo ilipowashinda wazazi, nikafanya diploma ya maabara na hiyo ndiyo imeniweka kazini mpaka leo. Sasa nimekubaliwa nirudi nimalize, lakini masomo ni ya mchana na kuna atachimenti (mafunzo ya kazini), so ule mshahara wangu wa shilingi 80,000 kwa mwezi unaisha Septemba nibaki na lokamu za wikendi, yaani vibarua vya kushikia wengine zamu. Mume wangu basic yake ni 95,000. Nyumba tuliyoipenda iko Kasarani, hapa Nairobi, vyumba viwili, milioni 6.5.

Benki nawapa 2 kwa 5. Mapokezi safi, hatukupanga foleni, afisa wa mikopo anaongea vizuri na anakusikiza. Alichukua peislipu zetu akazilaza pamoja juu ya meza, akapiga hesabu: milioni 6, miaka 20, asilimia 14.5, kila mwezi kama 76,800. Nikamwambia lakini mimi Septemba naenda shule. Akaweka kalamu chini, akageuka akaangalia mlango kwanza, ndio akaniambia polepole, "Madam, hiyo ya shule usiitaje. Peislipu ziko sawa, tuziache hivyo."

Siku hiyo tulitoka tukifurahi, nisiwafiche. Tulikula samaki tukienda nyumbani tukiongea rangi ya ukuta. Usiku ndio usingizi ulikataa, kwa sababu nilikuwa naenda kutia sahihi kwamba maelezo yangu yote ni ya kweli, na mkopo wa wawili si ati kila mtu anadaiwa nusu yake, kila mmoja anadaiwa wote. Mimi nikikosa mshahara, benki inamgeukia mume wangu kwa 76,800 yote, na yeye akishatolewa kodi na SHIF (bima ya afya) na NSSF (ya uzeeni) na ile asilimia 1.5 ya serikali ya kujenga nyumba anabaki na kama 68,000 tu mkononi. Hebu fikirieni hapo, mkopo unashinda mshahara!

Tena hiyo 14.5 ilikuwa ya kupanda na kushuka. Benki Kuu ilipopandisha riba yake mpaka asilimia 13 Februari 2024, kuna mwenzangu kazini aliongezewa malipo ya kila mwezi na hakuna mahali alikuwa amekosea.

Kilichonikasirisha kabisa ni valuesheni, ile ripoti ya thamani ya nyumba. Tulikuwa nayo tayari, tumelipia, wakasema huyo valua hayuko kwa orodha yao, tulipe tena 25,000 kwa mtu wao. Tukalipa. Tulipowaandikia barua kwamba tunataka hesabu ifanywe upya nikiwa mwanafunzi, kimya wiki tano, simu hazishikwi. Hizo 25,000 zilienda hivyo.

Sacco sasa. Nawapa 4 kwa 5. Mume wangu ni memba wa miaka mingi, mimi nilijiunga baadaye. Mama aliyetuhudumia alisikia neno shule akauliza, "Ya miaka mingapi, dada yangu? Na karo inatoka wapi?" Hakuna mtu wa benki alikuwa ameniuliza karo. Kisha akachukua peislipu yangu akaigeuza kichwa chini, akaisukuma kando kabisa ya meza, akasema, "Tuhesabu kama hii haiko."

Akatuonyesha vile sheria ya ajira inakataa makato kupita theluthi mbili ya mshahara, kwa hivyo kwa basic ya 95,000, ukishatoa kodi na hayo mengine, kinachoweza kwenda kwa nyumba ni kama 36,000. Sacco yao inapata pesa kupitia KMRC, ile kampuni iliyoundwa 2018 kukopesha mabenki na masacco ili mikopo ya nyumba iwe ya bei nafuu, na riba yao ni 9.5 haipandi. Hiyo 36,000 kwa miaka 20 inabeba kama milioni 3.8. Basi. Nyumba ya milioni 6.5 tukaiaga pale pale, na mimi nililia kwa gari, sitaki kudanganya.

Nyota moja nimewanyima kwa sababu wako polepole mno na hawakutuambia mapema kuhusu HELB, ile bodi ya serikali ya kukopesha wanafunzi. Mimi niko na mkopo wa HELB wa ile digrii niliyoacha, na ukikaa bila kulipa faini ni 5,000 kila mwezi, na jina linapelekwa CRB, wale wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo. Langu lilikuwa huko. Tulipoteza wiki sita nikilipa na kungoja nisafishwe, ilhali wangeniambia siku ya kwanza ningeanza siku ya kwanza. Kama ulisomeshwa na HELB, angalia hiyo kabla ya kuongea na mtu yeyote wa mikopo, tafadhali.

Ingine ni taitol, yaani hati ya umiliki. Ukinunua fleti uliza kama iko na hati yake yenyewe chini ya ile sheria ya 2020 ya sectional, inayompa kila mwenye fleti hati yake, kwa sababu fleti ya kwanza tuliyopata kwa bei yetu ilikuwa na cheti cha hisa tu na sacco ikaikataa. Na wekeni pesa ya stempu, ile kodi ya kuhamisha umiliki, kando, ni asilimia 4 ya thamani hapa jijini, haiko ndani ya mkopo.

Tumepata ya milioni 4.7, Mwiki, chumba cha pili ni kidogo lakini meza ya kusomea inaingia, nimepima na futi. Jina langu liko kwa hati pamoja na la mume wangu, hata kama peislipu yangu haikuhesabiwa. Tunangoja tu chaji isajiliwe, yaani nyumba iandikwe kama dhamana ya mkopo, na mimi naripoti chuo Septemba.