Sinia la Kusini: mgahawa wa karibu na Feri, Mtwara

Mgahawa ninaouandikia tathmini hii hauna kibao mlangoni. Upo katika mojawapo ya vichochoro vinavyoelekea soko la samaki la Feri, Mtwara mjini, na wenyeji huuita kwa jina la mama mwenye mgahawa, jina ambalo sitaliandika hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Una meza chache za mbao, mabenchi marefu, paa la makuti lililoongezewa mabati upande wa jikoni, na runinga moja kubwa iliyofungwa ukutani. Naliweka wazi mapema kwamba, kwa maoni yangu, hakuna mahali pengine mjini Mtwara panapopika chakula cha Kusini vizuri kama hapa, na hakuna mahali pengine ambapo ningependa kutazama mechi ya Taifa Stars, timu yetu ya Taifa ya soka, nikiwa na watu niliokua nao.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nirudi hapa mara ya kwanza. Mgeni anayefika Mtwara na kula hotelini mara nyingi huletewa vilevile ambavyo angeletewa Morogoro au Dodoma: chipsi, kuku wa kukaanga, wali na maharage, ugali wa sembe na nyama ya kuchoma. Sina ugomvi na vyakula hivyo. Linaloniuma ni kwamba mtu anaweza kukaa wiki nzima katika mkoa unaoongoza nchini kwa korosho asikutane na korosho ndani ya chungu, wala asiambiwe kwamba ipo mizizi ya porini iliyowalea wazazi wetu. Niliwahi kumpeleka mgeni katika hoteli moja, nikaulizia ming'oko, nikajibiwa kwamba hicho si chakula cha kuwekwa mbele ya wageni. Katika mgahawa huu, ukishakaa na kunawa, ming'oko ndiyo inayotajwa kwanza, na mhudumu huitaja kwa sauti kubwa ili na meza ya jirani isikie.

Kwa asiyeijua, ming'oko ni mizizi ya jamii ya viazi vikuu, mirefu na myembamba, ambayo wanawake wa vijijini huichimba msituni kwa jembe na panga. Hailimwi, huota yenyewe, na kuichimba ni kazi ya mgongo na magoti. Wapo wanaoiona kuwa chakula cha njaa kwa sababu iliwaokoa watu katika miaka ambayo mahindi hayakutosha, lakini anayesema hivyo hajaila ikiwa imepikwa na mtu anayeiheshimu. Mama huiosha mpaka mchanga wote uishe, akaichemsha kwa maji machache na chumvi, akafunika kwa majani ya mgomba kabla ya kuweka mfuniko, kisha akaiacha juu ya moto mdogo hadi maji yakauke yenyewe. Inaletwa ikiwa bado na maganda, na mlaji huimenya kwa vidole. Ganda likishaachia, ndani hukuta nyama nyeupe, laini, yenye utamu wa mbali unaobaki mdomoni. Kando huwekwa kibakuli cha korosho zilizokaangwa na kutwangwa pamoja na chumvi na pilipili, na hapo ndipo mazungumzo ya meza nzima hukatika kwa muda.

Chakula cha pili ambacho nisingependa mtu akikose ni ugali wa makopa kwa kisamvu. Muhogo uliokaushwa na kutwangwa hutoa ugali mweupe, mlaini na wenye kuvutika, tofauti kabisa na wa sembe, na asiyeuzoea ataona mara ya kwanza kwamba unang'ang'ania vidole. Kisamvu hutwangwa kwenye kinu, wala si kusagwa kwa mashine, na nimesimama jikoni nikaona majani yakipondwa hadi yakatoa povu la kijani kabla ya kuchemshwa kwa muda mrefu. Badala ya tui la nazi peke yake, mama huongeza korosho mbichi zilizosagwa, na mchuzi huwa mzito, wenye mafuta yasiyokinaisha. Ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi za Newala na Tandahimba, ila kulikuta kwenye mgahawa ni nadra.

Ningependa walaji wajue kazi iliyomo katika kijiko hicho kimoja cha korosho. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mbanguaji wa mkono asiyejikinga huyatambua kwa makovu ya vidole. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, zikabanguliwa huko. Rafiki yangu mmoja katika meza yetu ni mkulima na mjumbe wa chama cha msingi cha ushirika, na msimu wa mwaka 2018, wanunuzi waliposusia minada na Serikali ikaamua mwezi Novemba kuwatumia wanajeshi kukusanya korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, hatukuzungumza mpira kwa majuma mengi. Kila jioni tulikuwa tukihesabu nani amelipwa na nani bado. Mama alikubali kuwapa wakulima chakula kwa mkopo wa kuandikwa daftarini hadi fedha zao zitoke, na nalitaja hili kwa sababu ni sehemu ya huduma anayoitoa, ingawa haikuandikwa popote.

Mbaazi za nazi zipo kila siku, nazo ni nzuri. Mama aliziingiza katika mapishi ya kudumu mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje na bei ikaporomoka hadi wakulima wa huku wakawa wanabaki nazo magunia kwa magunia.

Samaki hutegemea bahari. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mitumbwi midogo haitoki, na siku hizo ni heri kuagiza mbaazi kuliko kumlazimisha mpishi atafute samaki wa barafu. Bahari ikiwa shwari, agiza tasi au changu wa chukuchuku, yaani mchuzi mwepesi wa ndimu, kitunguu na pilipili usio na tui, ambao hauwezi kuficha samaki aliyelala. Pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na watu wakaenda mwambani kuwachokoa. Hapa hupondwa vizuri kabla ya kupikwa, na supu yake ni safi. Samaki mzima pamoja na ugali ni shilingi 6,000, kisamvu na ugali shilingi 2,500, na sahani ya ming'oko shilingi 1,500. Kwa ubora ninaoueleza, bei hizo ni za haki.

Sasa nije kwenye sinia. Watu watatu au zaidi wakiingia pamoja, mama huuliza swali moja tu: "Kaka zangu, mnakula pamoja?" Mkikubali, chakula chote hupakuliwa kwenye sinia moja, ugali katikati, kisamvu na samaki kandokando, na mnakula kwa mkono. Meza yetu ni ya watu wanne tuliosoma sekondari moja: mkulima niliyemtaja, mvuvi wa Msanga Mkuu ambaye sasa ana boti yake, dereva mstaafu wa malori, na mimi. Wawili ni Simba na wawili ni Yanga, na siku ya mechi ya watani hao wa jadi hatusalimiani mpaka filimbi ya mwisho, lakini hatujawahi kuomba sahani mbalimbali. Mgahawa mwingine ungetupa sahani nne na tungekula kila mtu akitazama simu yake. Sinia hulazimisha watu kusubiriana, kumsogezea mwenzio mnofu wa upande wake, na kukumbuka kwamba mmoja hali pilipili.

Urafiki huu ni wa enzi za bweni na redio moja. Mwaka 1979, Peter Tino aliposawazisha dhidi ya Zambia kule Ndola na kuipeleka Tanzania kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 jijini Lagos, tulilisikia bao lile kupitia Redio Tanzania, na dereva wetu bado huweza kuigiza sauti ya mtangazaji. Hatukujua kwamba tungesubiri miaka 39 kabla ya kuiona timu ya Taifa ikirudi katika mashindano hayo, iliposhinda mabao 3-0 dhidi ya Uganda tarehe 24 Machi 2019 na kufuzu kwenda Misri. Wanaume wazima walilia mbele ya runinga hii, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Jioni ninayoikumbuka zaidi, hata hivyo, ni ya tarehe 19 Novemba 2024, Tanzania ilipocheza na Guinea katika Uwanja wa Benjamin Mkapa ikitafuta tiketi ya kwenda Morocco katika mashindano hayohayo. Kwa watu wa Kusini jina la uwanja ule si jina tu: Rais wa zamani Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, na daraja la mto Rufiji linaloitwa kwa jina lake, lililofunguliwa mwaka 2003, ndilo lililokomesha adha ya kulala kwenye foleni ya kivuko wakati wa masika, adha ambayo dereva wetu aliijua kuliko sisi sote. Wimbo wa Taifa ulipoanza, mgahawa mzima ulisimama. Wapishi walitoka jikoni, mama mwenyewe akiwa na mwiko mkononi wenye ugali bado, na mhudumu aliyekuwa akinawisha watu alisimama wima na birika lake hadi ubeti wa mwisho. Kipindi cha pili Simon Msuva alipofunga, sikusikia mtangazaji alisema nini. Mechi iliisha kwa bao hilo moja, tukafuzu kwa mara ya nne katika historia yetu, na mama alizunguka meza zote akigawa korosho za kukaanga bila kumdai mtu. Nilitazama jezi za bluu, mikono yenye kisamvu na maganda ya ming'oko yaliyojaa mezani, nikaona kwamba siku ile hakuna aliyeuona utaifa wake kuwa kitu kimoja na chakula cha nyumbani kwao kuwa kitu kingine cha kufichwa.

Ukutani, pembeni ya jezi ya Taifa, pametundikwa jezi ya Ndanda, timu ya hapa Mtwara. Timu hiyo ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka mwisho wa msimu wa 2019/20, na katika miaka ile mashabiki waliokuja kutoka Dar es Salaam kutazama mechi Uwanja wa Nangwanda Sijaona walijaa hapa tangu asubuhi. Tangu ishuke, Namungo ya Ruangwa ndiyo imebeba bendera ya Kusini, tena kwa heshima, kwani ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Tunaishangilia kwa moyo wote. Lakini mtu wa Mtwara akipita chini ya jezi ile ya Ndanda huigusa, na mama hataki ishushwe.

Zipo kasoro, na ningependa mwenye mgahawa azifanyie kazi. Siku za mechi kubwa chakula hakitoshi. Tarehe 22 Agosti 2025, Stars ilipotolewa na Morocco kwa bao 1-0 katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, sufuria zilikuwa tupu kabla ya mapumziko, na watu waliotoka Mikindani na familia zao walikaa na njaa hadi mwisho. Wateja wanajulikana na ratiba ya mechi inajulikana. Hakuna sababu ya kupika kiasi cha siku ya kawaida. Sauti ya runinga hufunguliwa mno, hata wakati ambapo hakuna mpira, hivi kwamba mzee asiyesikia vizuri hawezi kuzungumza na mwenzake. Sehemu ya kunawa ina bomba moja tu, na msongamano wake humkuta mteja hata kabla hajakaa. Juisi ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, ambayo ni ya kuburudisha na huwezi kuipata kirahisi kwingine, huletwa vuguvugu, ilhali friji ipo na imejaa soda. Na pweza wakati mwingine huongezwa bei mchana bila ubao wa bei kubadilishwa.

Kuhusu huduma, sina la kulalamikia. Mhudumu wetu, binti mwenye adabu sana, hutuita wajomba, na akiona tumekaa bila kuagiza hatusumbui, huleta maji na kusema, "Wajomba, nipo." Wazee wawili wenye kikombe kimoja kimoja cha chai ya tangawizi wanaweza kukaa tangu alasiri hadi magharibi bila kutazamwa vibaya.

Mgahawa hufunguliwa alfajiri kwa chai, vitumbua na supu ya pweza kwa ajili ya wavuvi, na chakula cha mchana huwa tayari kuanzia saa sita, isipokuwa Ijumaa, ambapo jikoni husimama hadi watu warudi msikitini. Ming'oko hupatikana kwa msimu, kwa hiyo ni vizuri kuulizia siku moja kabla. Anayetaka sinia la watu sita au zaidi siku ya mechi apeleke salamu asubuhi na aache malipo ya awali, na akija kutoka stendi kwa bodaboda amwambie dereva ampeleke Feri, kisha aulize kwa wauza samaki. Wote wanapajua.