Vitanda na fereti wasiofungiwa: kipi kinunuliwe, kipi kizibwe, kipi kitupwe

Fereti ni ndugu wa kicheche, amefugwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 2,000, na Waingereza mpaka leo humtumia kuwatoa sungura mashimoni. Mwili wake wote umeumbwa kwa kazi hiyo: mrefu, mwembamba, mbavu laini, kucha zisizorudi ndani. Ukimwachia chumba cha kulala azurure atakavyo, kitanda ndicho shimo la kwanza atakalolitafuta. Wafugaji wengi wapya huko Uingereza, Ujerumani na Marekani (isipokuwa Kalifornia na Hawaii, ambako kumfuga ni marufuku) huhangaika na nyaya za umeme na kusahau kitanda, ilhali kitanda ndicho kinachoweza kumbana akafa wakati bwana mwenyewe kakaa juu yake akisoma simu. Kwa hiyo tathmini hii ni ya vitanda vinavyopatikana madukani kwa kawaida, pamoja na vifaa vinavyouzwa kwa ahadi ya kumzuia fereti asiviingie.

Kabla ya kununua chochote, chukua ufagio. Mpini wa kawaida una unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Upenyo wowote unaopitisha mpini huo, jike dogo analipita, kwani kichwa kikishaingia mwili hauna shida. Pitisha mpini chini ya mlango, nyuma ya kabati, kando ya bomba la joto na kuzunguka kitanda chote, na kila unapopita weka alama ya chaki. Watu hushangaa alama zinavyokuwa nyingi.

Boksi springi: hapana, labda kama unacho tayari

Hiki ndicho kitako kilichoenea Marekani, fremu ya mbao iliyovalishwa kitambaa na kubeba godoro juu yake. Pembeni kitambaa ni kigumu, lakini tumboni pamewekwa kile kitambaa chepesi cheusi kama cha barakoa, kimeshikwa kwa pini za stepla tu. Fereti hulala chali chini ya kitanda, akajivuta kwa kucha huku akikwaruza, mpaka afike kwenye kona ambayo kitambaa kimelegea. Akishapata tundu la kidole, dakika chache zinatosha kulifanya mlango. Ndani kuna giza, joto na vyumba vingi, naye huhamishia huko soksi, rimoti na kila alichoiba. Mtu akikaa kitandani, springi zinashuka. Matoleo ya siku hizi yasiyo na springi, yenye chaga za mbao tupu, hayambani vile, lakini pini zilizong'olewa na vipande vya sponji vinabaki humo, na fereti humeza.

Kama huna uwezo wa kukibadilisha, kizibe kwa plaiwudi ya milimita 6. Kitanda cha Queen kina sentimita 152 kwa 203, na bao moja la 122 kwa 244 halikitoshi, tena kwa upungufu mdogo wa kuudhi. Nunua mawili, uagize dukani yakatwe kila moja 76 kwa 203. Kiungo kipite katikati kwa urefu, ili kila mbao ya kukingama ishike skrubu upande huu na ule.

Wahesabu fereti wote na uwafungie kwenye kizimba kwanza. Si tahadhari ya bure: fereti aliyelala fofofo hashtuki hata kitanda kikiinuliwa, na ukimfungia ndani hutajua mpaka siku ya pili. Simamisha boksi ubavuni, ng'oa kile kitambaa chote pamoja na pini zake kwa koleo, fyonza vumbi. Usipigilie bao juu ya kitambaa cha zamani, maana kinabaki mkunjo pembeni nao ndio mwanzo wa kukwaruza. Toboa kwanza kwa kipekecho cha milimita 2.5, kisha funga skrubu za milimita 4 kwa 20 kila baada ya sentimita 15, zikiwa na washa (kile kipete bapa cha chuma cha chini ya kichwa cha skrubu). Ukitumia ndefu zaidi, ncha zinaweza kutokeza upande wa pili wa zile mbao nyembamba. Bila washa, kichwa cha skrubu huzama kwenye plaiwudi na bao likaachia. Toboa matundu ya hewa ya milimita 12, moja kila sentimita 20, la sivyo godoro litafanya ukungu. Malizia kwa pembe ya alumini ya milimita 25 kwa 25 kuzunguka ukingo wa chini, ifunike pale bao linapokutana na kitambaa cha ubavuni. Kazi hii huongeza kilo 8 hadi 13 kutegemea aina ya mti, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusaidia kukilaza.

Wengine husifia wavu wa chuma badala ya plaiwudi. Wavu wa kuku usiuguse: matundu yake ni makubwa na waya ni dhaifu. Ule wa kuchomelea wenye matundu ya mraba ya milimita 12.7 unazuia vizuri na hewa inapita, lakini ncha zilizokatwa lazima zikunjwe ndani sentimita mbili pande zote, na hata hivyo kucha ndefu hunasa. Kwa chumba chenye unyevu mwingi unaweza kustahili. Kwingine kote plaiwudi inaushinda.

Ama ile mifuko ya zipu ya kuvalisha godoro na boksi, imetengenezwa kuzuia kunguni na inawazuia kweli. Kucha za fereti ni habari nyingine. Ivalishe godoro kwa ajili ya mkojo, na usiihesabu kama kizuizi.

Divani ya Kiingereza: inasameheka

Divani huwa boksi la mbao na hardbodi lililovikwa kitambaa, na ya watu wawili (135 kwa 190) kwa kawaida huja nusu mbili zinazounganishwa. Tumboni ni kile kitambaa cheusi tena. Habari njema ni kwamba bao moja la 122 kwa 244 linamaliza kazi: kata kipande cha 135 kwa 95 kwa nusu ya kwanza; urefu uliobaki, kama 109 kwa 95, uende nusu ya pili, na pengo la sentimita 26 lijazwe kwa kipande kutoka kwenye ule ukanda mwembamba uliosalia ubavuni. Fundi asipoteze hata sentimita moja kwenye msumeno, hesabu imebana.

Divani yenye droo usinunue. Nyuma ya droo kuna nafasi ambayo fereti huifikia kwa chini, na siku unapoisukuma droo kwa goti yeye yumo. Ukiwa nayo, zitoe droo na uzibe midomo yake kwa plaiwudi.

Kitanda cha kunyanyua na sofa-kitanda: tupa

Hapa hatuna maneno mengi. Kitanda kinachofunguka kwa mikono ya gesi kina vyuma vinavyokutana kama mkasi, kadhalika sofa inayokunjuka na kiti cha kulalia nyuma. Hakuna namna ya kuziba mahali panapopaswa kusogea. Kwenye nyumba yenye fereti huru, vitu hivi vitoke.

Kitanda cha chaga: kizuri, lakini soma sehemu ya mpira

Chagua chenye miguu ya sentimita 25 au zaidi, ili uweze kuinama na tochi ukaona uvungu wote kwa mara moja na mkono ufike kila kona. Usidhani urefu huo unamzuia kufika juu. Fereti akisimama kwa miguu ya nyuma anafikia chaga bila taabu na kuanza kuchimba tumbo la godoro. Laza plaiwudi ile ile yenye matundu juu ya chaga, chini ya godoro, uishike kwa skrubu nne kwenye pembe.

Tatizo linalowaponyoka wengi ni la Ujerumani hasa. Chaga za huko zile za kupinda, zinazouzwa na fremu yake, mara nyingi hushikiliwa pembeni kwa vikombe vya mpira. Mpira kwa fereti ni kama pipi kwa mtoto: huutafuna vipande na kuvimeza, na mpira hauyeyuki tumboni. Nunua chaga za mbao nzima zilizounganishwa kwa mkanda wa kitambaa na uzipigilie skrubu kwenye fremu. Vitanda vya chuma navyo vina vizibo vya plastiki kwenye ncha za mabomba. Ving'oe uweke vya mbao.

Kwa sababu hiyo hiyo ya mpira, godoro la leteksi ndilo baya kuliko yote, likifuatiwa na la sponji. La springi pia lina sponji juu yake, ila angalau tabaka ni jembamba.

Boksi la mbao linalogusa sakafu: hiki ndicho

Kitanda kisicho na uvungu, mbao zimeshuka mpaka chini na upenyo haufiki sentimita moja, ndicho tunachokipa alama ya juu. Hata seremala wa kawaida anakitengeneza. Sharti ni mbili: juu pawe na bao zima lenye matundu ya hewa, na nyuma lisiachwe pengo la sentimita tatu hadi nane kati yake na ukuta. Pengo la namna hiyo ni ngazi. Fereti huegemeza mgongo ukutani, miguu kwenye mbao, akapanda kama mkwezi, kisha anashindwa kushuka. Ama kibane kabisa, ama kiache sentimita 15. Kabati la nguo nalo ni vivyo hivyo.

Godoro lililolazwa sakafuni bila chochote wengi huliona salama. Fereti huingia chini ya ukingo wake, na kwa juu huoni hata kinundu.

Matandiko, mlango na vingine

Duveti yenye vifungo ni mtego, maana huingia kati ya kifuniko na duveti akalala. Tumia ya zipu, na kila atakayekaa kitandani apapase kwanza kwa kiganja. Blanketi za flisi ni nzuri. Taulo za vitanzi hunasa kucha, hivyo kucha zikatwe kila wiki mbili.

Vigeti vya watoto ni hasara tupu, nafasi kati ya nondo zinampitisha. Kinachofanya kazi mlangoni ni bao laini la urefu wa sentimita 75 hadi 80, la melamini au akriliki, likitelezeshwa kwenye mifereji miwili ya alumini iliyofungwa kwenye fremu. Mtu mzima analivuka, fereti hana pa kushika. Mbele ya mlango wenye zulia weka karatasi ngumu ya plastiki, ile ya chini ya viti vya ofisi, la sivyo atachimba zulia mpaka lionyeshe mbao.

Kabati la droo lipinduliwe ukague tumbo lake: mengi yako wazi chini na fereti hupanda kwa nyuma ya droo. Hardbodi ya milimita 3 na skrubu zinatosha hapo, kwa kuwa hana nafasi ya kujikita. Matundu ya mabomba usiyazibe kwa povu la kujazia, hilo ni chakula chake. Tumia mbao au saruji. Vifuniko vya matundu ya joto vya sakafuni, vile vya Marekani, vifungwe kwa skrubu. Spika za masikioni, soli za viatu na vitufe vya rimoti viwe ndani ya kabati linalofungwa, na mkoba wenye ibuprofeni usiachwe chini kamwe, kidonge kimoja ni hatari kwa mnyama wa kilo moja.

Chakula hupita tumboni mwake kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo kona za uvunguni zitageuka choo usipoweka trei huko. Jaza chembe za karatasi zilizoshindiliwa, si udongo unaogandamana wala randa za msonobari.

Kila mwezi simamisha kitanda ukaze skrubu. Plaiwudi mpya husinyaa kidogo na washa hulegea. Ukikuta kona imetafunwa na kipande hakionekani, mtazame fereti mwenyewe: akikataa chakula, akitapika, akisaga meno, akipangusa mdomo kwa mikono au choo chake kikitoka chembamba kama uzi, amezibwa utumbo, na ni daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, usiku ukiwamo.