Mheshimiwa yuko kwenye begi, Jembe liko begani: rivyu ya magitaa mawili

Niseme hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake. Nina magitaa mawili ya umeme, moja ni bora kuliko lingine kwa kila kipimo unachoweza kukiandika kwenye karatasi, na silo ninalopiga siku hadi siku. Rivyu hii ni ya yote mawili kwa pamoja, maana ukilieleza moja tu utaishia kusifia mbao na pikapu (zile sumaku zenye koili za waya zinazonasa sauti ya nyuzi), alafu msomaji abaki haelewi kwanini wapigaji wengi hivi wana chombo cha maana kimelala kwenye begi huku wanahangaika na kingine kilichochubuka rangi.

Majina ya kampuni naacha, sina ugomvi na mtu. Lile bora tumwite Mheshimiwa: mtindo wa Les Paul ya Gibson, shingo imegundishwa kwenye bodi, pikapu mbili za hambaka (za koili mbili mbili), anang'aa mpaka unajiona. Hili lingine ni Jembe: nakala ya Telecaster, bodi ni ubao bapa, shingo imefungwa kwa skrubu nne, pikapu mbili za koili moja, swichi moja, nobu mbili, basi. Fender walianza kuuza gitaa la namna hiyo 1950, jina la Telecaster likaja 1951, na ukiliangalia la leo na la wakati ule mtu asiyepiga gitaa hataona tofauti.

Mheshimiwa tumpe haki yake kwanza. Freti, vile vyuma vyembamba vilivyokata shingo, zimesuguliwa mpaka zinateleza, hakuna noti inayokufa popote kwenye shingo, ukivuta uzi kule juu kabisa haukwaruzi, na noti ukiipiga ukaiacha inakaa, unaweza kwenda kugeuza volyumu ya ampu ukarudi ukaikuta. Alafu ana kimya. Wanaopiga koili moja wanaujua ule mngurumo, koili inakuwa antena inanasa umeme wa kwenye nyaya za nyumba, hertzi 50 au 60 kutegemea uko nchi gani. Hambaka ilibuniwa kutibu hilo, Seth Lover wa Gibson aliitengeneza 1955: koili mbili zilizounganishwa kinyume, kila moja na ncha yake ya sumaku, kwahiyo mngurumo wa koili hii unafutwa na wa koili ya pili lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Ujanja safi kabisa. Kama unarekodi usiku na distoshoni imefunguliwa, hapo Jembe linalia kama transfoma na Mheshimiwa katulia.

Kero yake moja ni uzi wa tatu, hautulii kwenye tyuni. Hilo ni la muundo wenyewe, kichwa cha gitaa kimeinama kwenda nyuma na nyuzi za katikati zinapinda kwenda pembeni zikishatoka kwenye kile kipande cha mfupa chenye mifereji mwisho wa shingo, ukivuta uzi unang'ang'ania pale na haurudi ulipokuwa. Penseli ukiisugua kwenye ule mfereji inasaidia, risasi yake inalainisha. Jembe vigingi vyote sita vya kukazia nyuzi viko upande mmoja, uzi unanyooka moja kwa moja, tatizo hilo halina.

Sasa mbona simpigi?

Kwa upande wangu kubwa ni kwamba Mheshimiwa anakusaidia mno. Pikapu zake zina nguvu, zinaisukuma ampu mpaka inabana sauti, kwahiyo ukigonga uzi kwa hasira au kwa upole kinachotoka kinakaribiana. Ni raha mwanzoni, unajisikia fundi. Baadae unaanza kuona kwamba chochote ufanyacho na mkono wa kulia hakifiki upande wa pili. Jembe halina huruma hiyo. Ukipiga karibu na briji, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi, linauma, ukisogea karibu na shingo linakuwa nene, ukitumia nyama ya kidole gumba badala ya piki unasikia nyama, ukikosea unasikia kosa na jirani analisikia pia. Yaani ukipiga solo ya seben zile noti fupi fupi zinazokimbizana kila moja inatoka na uso wake, kwenye Mheshimiwa zinashikana mikono zinakuwa kitu kimoja kizuri kisicho na meno.

Nobu ya volyumu nayo, jamani, watu hawaizungumzii kabisa wakati wa kununua. Jembe nobu iko pale pale kidole cha mwisho kinapofika, unapiga huku unaivuta, kwenye 10 linapiga kelele, kwenye 6 ampu ileile inakuwa safi bila kugusa pedali yoyote. Mheshimiwa ana nobu nne na zote ziko mbali, na ukipunguza volyumu zile sauti za juu zinaondoka zinabaki za tumboni. Sababu yake inajulikana, poti, kile kifaa kilicho chini ya nobu, ikishapunguzwa inashirikiana na kebo kuchuja sauti za juu, na dawa ni kakapasita kadogo kanakochomelewa kwenye poti. Nimechomelea. Imesaidia. Bado mkono haufiki.

Tuje kwenye shingo, na hapa nitakaa kidogo. Urefu wa uzi kutoka kwenye kile kipande cha mfupa mpaka briji, Telecaster ni inchi 25.5, kama milimita 648, wakati mtindo wa Les Paul ni inchi 24.75, kama milimita 628. Sentimita mbili ni nyingi kuliko unavyodhani. Nyuzi za unene uleule kwenye Mheshimiwa zinakuwa laini zaidi, ni rahisi kuvuta, na freti ya kwanza ni fupi kwa kama milimita moja. Milimita moja! Ukimwambia mtu asiyepiga atakucheka, lakini vidole vimeshajipimia umbali wake vyenyewe, ukivipeleka kwingine vinatua vinajua tu kwamba hapa sipo kwangu. Unene wa shingo ndo usiseme. Ya Jembe ni nene imejaa kiganja, na mgongo wake varnishi imeshakwisha pale ninaposhika kwahiyo hainati kwa jasho. Ya Mheshimiwa ni nyembamba na imepakwa lika inang'aa, chumba kikipata joto tu kiganja kinaanza kugandaganda. Watu wanakwambia shingo nyembamba ni ya kasi. Labda. Mimi gumba langu linauma nikishika kodi za baa, zile za kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, kwenye shingo nyembamba, kwasababu halina pa kuegemea.

Kuna jingine dogo ambalo nililiona siku nilipokuwa narekodi na sijalisikia likisemwa sana. Jembe briji yake ni ile ya kizamani ya vidaraja vitatu, kila kidaraja kinabeba nyuzi mbili, kwahiyo hata urekebishe vipi kuna uzi mmoja utakuwa juu kidogo au chini kidogo ukipanda kwenye shingo. Kwenye karatasi hiyo ni kasoro, Mheshimiwa ana kidaraja kwa kila uzi na yuko sawa kila mahali. Lakini sikio limeshaijua kasoro ile, kidole kinasukuma uzi kwa unywele mmoja bila hata kuambiwa, na noti inakaa. Nikimchukua Mheshimiwa kidole kinaendelea kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika, basi gitaa lililo sahihi linatoka nje ya tyuni mikononi mwangu na lisilo sahihi linakaa vizuri. Jitu likikwambia ni mambo ya moyo tu mpe hiyo.

Wapo watakaosema haya yote ni mazoea. Nusu nakubali. Ila mazoea nayo hayashiki kwenye kila gitaa, nilishawahi kuwa na lingine nikalipiga muda mrefu kuliko hata Mheshimiwa, halikuwa na tatizo lolote, nikaliuza na sijawahi kulikumbuka. Na kuna la woga pia. Mheshimiwa kichwa kimeinama na kimechongwa kwenye mahogani ileile ya shingo, pale kwenye kona ubao ni dhaifu, akianguka kifudifudi kutoka kwenye stendi au mgongo ukapiga sakafu kuna uwezekano mkubwa shingo ivunjike palepale, waulize mafundi ni kazi wanayoipata kila leo. Kwahiyo unapiga huku kichwani kuna kijitu kinachunga gitaa, usigonge stendi ya maiki, usigeuke haraka. Jembe nalilaza kwenye kiti naenda zangu. Likianguka linatoka tyuni, na shingo ikivunjika si skrubu nne tu unaweka nyingine.

Ukiangalia wakubwa utaona habari ni ileile. Brian May wa Queen gitaa lake alilitengeneza na baba yake nyumbani kuanzia 1963, shingo ni mbao ya fremu ya jiko la zamani la kuotea moto, springi za tremolo, ile fimbo ya kuyumbisha sauti, ni za valvu za pikipiki kuukuu, na baada ya kupata uwezo wa kununua gitaa lolote duniani ameendelea na hilohilo maisha yake yote. Peter Green wa Fleetwood Mac alikuwa na Les Paul ambayo pikapu ya upande wa shingo sumaku yake ilikuwa imegeuzwa, swichi ukiiweka katikati sauti zinapingana zinatoka za puani. Fundi makini angeirekebisha siku hiyohiyo. Ile sauti ya puani ndo ikawa ya kwake, gitaa likaenda kwa mpiga gitaa Gary Moore, baadae likafika kwa Kirk Hammett wa Metallica, na sauti ile ya puani ikabaki. Peter Frampton naye Les Paul yake nyeusi ilikuwa kwenye ndege ya mizigo iliyoanguka Venezuela 1980, akaamini imeungua, ikaja kumrudia 2011 ikiwa na alama za moto na akarudi kuipiga jukwaani. Hapo katikati alikuwa na magitaa mazima ya kutosha. Na angalia, mbili kati ya hizo ni Les Paul, kwahiyo msije mkasema natangaza Telecaster hapa, mkono wa Frampton umekaa kule na wangu umekaa huku.

Ukienda kununua, ushauri wangu ni mfupi. Lipige kwanza bila kulichomeka kwenye ampu, ukiwa umesimama na mkanda begani, kwasababu kilo nne na ushee ukiwa umekaa huzisikii. Nyuzi zikiwa juu sana usiogope, fundi anashusha, kuna fimbo ya chuma ndani ya shingo inakazwa na kulegezwa. Pikapu zinabadilishwa, vigingi vinabadilishwa, hata briji. Unene wa shingo, urefu wa uzi na uzito hivyo umeoana navyo. Alafu lichomeke, shusha volyumu nusu, usikilize kama bado kuna mtu ndani. Na tafadhali gitaa lenye shingo iliyojipinda kama upinde na freti zinazochoma vidole pembeni lisije likauzwa kwako kwa jina la lina roho, hilo ni bovu.

Nyota. Mheshimiwa 5 kwa 5, ukipiga muziki mzito wenye distoshoni au unarekodi rizimu nene zilizotulia mchukue bila kuuliza, na simuuzi, kila kazi ya namna hiyo namtoa kwenye begi. Jembe 4, nimekata moja ya mngurumo na jeki, lile tundu la kebo, inayolegea kila baada ya muda, na ile briji ya vidaraja vitatu.

Ila freti za Jembe zimeshakwisha, zile tano za mwanzo zina mabonde unayahisi kwa kidole. Fundi kanipigia hesabu akanishangaa, kuweka freti mpya zote kunakaribia kununua gitaa jingine jipya kama hilohilo. Linaenda kwake wiki ijayo. Akaniuliza nataka shingo nayo aikwangue kidogo iwe nyembamba ya kisasa maana atakuwa ameshaifungua, nikamwambia aiache ilivyo.