Bolti za zinki kwa mashine zinazotetemeka: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko ya wasomaji wenye mashine za kusaga yanafanana: bolti ya M16 (kipenyo milimita 16), mpya, zinki inang'aa, imekatika kabla hata haijashika kutu. Itazame palipokatika. Mpasuko huanzia kwenye uzi wa kwanza ndani ya nati. Upande mmoja ni laini, una mistari iliyopindana kama ile inayoachwa na maji mchangani yakipwa. Upande wa pili umeparuzika, ndipo ilipomalizikia kwa mkupuo mmoja. Bolti hiyo haikuzidiwa na mzigo. Imechoka: ufa umekua kidogo kidogo kwa kila mtetemo.

Kipenyo na urefu fundi yeyote anajua kupima, kwa hiyo hayo nayaacha. Kinachosahaulika ni msuguano wa zinki yenyewe. Ukikaza nati, karibu nusu ya nguvu ya spana huliwa chini ya uso wa nati na sehemu kubwa ya iliyobaki huliwa kwenye nyuzi. Kiasi cha asilimia 10 tu ndicho kinachovuta bolti na kubana vyuma. Msuguano ukiongezeka kidogo, mbano unaporomoka, na mkono haujui tofauti.

Chukua M16 ya daraja 8.8 (daraja la nguvu; namba ikiwa kubwa, bolti ni imara zaidi), ikazwe kwa 220 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha spana). Ikiwa na mafuta kidogo tu, kigezo cha kukaza (K, kinachojumlisha msuguano wa nyuzi na wa uso wa nati) huwa karibu 0.20, na mbano ni kama kilonyutoni 69. Ikiwa imechovywa kwenye zinki ya moto, yaani iliyoyeyushwa, na ni kavu, kigezo kinaweza kufika 0.30: spana ile ile inakupa 46. Vyuma vikibanwa barabara, mtetemo hubebwa zaidi na vyuma vyenyewe na bolti huonja sehemu ndogo tu. Mbano ukipungua, vyuma huachana kidogo kila mzunguko na bolti hubeba karibu mzigo wote.

Na bolti haina uvumilivu mkubwa hapo. Kanuni za Ulaya za Eurocode 3 huipa bolti inayovutwa mabadiliko ya mkazo ya MPa 50 tu (nyutoni 50 kwa kila milimita mraba) kwa mizunguko milioni 2, iwe ni 8.8 au 10.9. Mashine inayozunguka mara 3,000 kwa dakika humaliza mizunguko hiyo kwa saa 11 hivi.

Chaguo langu la kwanza, bila kuficha upendeleo, ni bolti zilizopakwa Geomet 500. Ni chembe bapa za zinki na alumini zilizookwa kwenye joto la kama nyuzi 300, na kilainishi kimo ndani ya rangi yenyewe. Msuguano wake unajulikana, kwa hiyo 220 Nm inakupa mbano ulioukusudia. Tabaka ni jembamba, nati ya kawaida inaingia bila kulazimishwa. Tena upakaji wake hauhitaji asidi wala umeme, hivyo hauingizi haidrojeni ndani ya chuma, ambayo hukifanya chuma kigumu kikatike ghafla. Kwa 10.9 sioni sababu ya kununua kingine.

La pili ni 8.8 iliyochovywa kwenye zinki ya moto. Kwa mashine iliyo nje, Tanga au Mombasa kwenye hewa ya chumvi, unene wake wa mikroni 50 hivi unadumu kuliko mikroni 5 hadi 12 za zinki ya umeme, yaani iliyopakwa kwa umeme. Lakini pale zinki inapoungana na chuma kuna tabaka gumu linalopasuka upesi, na nyufa zake huipa uchovu mahali pa kuanzia. Kwa hiyo mbano ndio kinga yako. Nunua bolti na nati yake pamoja, kwa kuwa nyuzi za nati hiyo zimepanuliwa. Ukiivika bolti isiyo na zinki, nyuzi zitang'oka. Paka nta au grisi ya molibdeni kwenye nyuzi na kwenye uso wa nati, halafu teremsha spana hadi kama 160 Nm. Ukiacha 220 baada ya kulainisha, mbano unaweza kupita kilonyutoni 91, ambayo ndiyo mwisho wa mzigo ambao bolti hiyo hubeba bila kurefuka moja kwa moja. Kaza tena kesho yake, maana zinki nene hunywea chini ya washa.

8.8 ya zinki ya umeme inafaa ndani, pakavu. Za 4.6 ni za mageti na mabenchi.

Ya kuacha dukani ni 10.9 au 12.9 ya zinki ya umeme isiyo na karatasi ya kuonyesha kwamba iliokwa baada ya kupakwa, kwa joto la nyuzi 190 hadi 220. Haidrojeni iliyobaki ndani inaweza kuikata saa kadhaa au siku chache baada ya kukazwa, hata mashine ikiwa imezimwa. Ukiuliza karatasi hiyo madukani Gerezani, Dar es Salaam, wauzaji wengi wanakuonyesha rangi ya dhahabu na kusema "hii ngumu". Rangi ile ni dawa ya kuchelewesha kutu, haisemi lolote kuhusu ugumu. Na bado wanaitoza bei ya juu, wanachanganya nati za kila aina kwenye gunia moja, kisha bolti ikikatika lawama anabeba fundi. Soma namba kichwani mwa bolti, zungusha nati kwa vidole mpaka mwisho wa nyuzi ukiwa bado kaunta, na isipokwenda, irudishe kabla hujatoa pesa.